Taa ya Saa Nane Mchana

Mke wa Fundi aliondoka Jumatatu asubuhi kwenda mafunzo ya wiki saba, na kabla ya kuaga watu aliaga matumbawe. Alichuchumaa mbele ya tangi pale sebuleni, koti tayari mwilini, begi mlangoni, akavitazama kimoja kimoja vipande saba alivyovileta juzi yake kutoka kwa mfugaji mmoja. Kila kipande hakikuzidi kidole gumba, kimegandishwa juu ya kibao kidogo cha saruji. Vyote alikuwa amevipanga chini kabisa, juu ya mchanga, mbali na taa.

"Usivipandishe," alimwambia mumewe. "Wala taa usiiguse zaidi ya nilivyoandika. Kule vilikotoka vilizoea mwanga hafifu, na taa yangu ni kali. Ukivipiga nayo ghafla vitapauka, na vikipauka vitakufa njaa. Tunaanza na asilimia thelathini. Kila siku nne unaongeza tano. Tano tu."

"Mimi nawapandisha watu ghorofa kumi na nane bila chai yao kumwagika," Fundi alijibu. "Vijiwe saba vitanishinda?"

"Si vijiwe. Ni wanyama."

"Basi wanyama saba."

Fundi alikuwa fundi wa lifti, na jina hilo lilikuwa limemganda hata nyumbani. Mkewe alifanya kazi maabara ya idara ya maji. Mchana alipima maji ya watu, jioni akapima ya samaki wake. Ndiyo maana baba yake alimwita Daktari wa Maji. Baba mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi karibu na dirisha, akisubiri zamu yake ya kuagwa. Watu wa zamani walimjua kwa jina la Mzee Flashi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa na studio ya picha, na hakuna mtoto mtaani kwake ambaye hakuwahi kulizwa na taa ya kamera yake. Alikuwa amehamia kwa binti yake miezi minne iliyopita. Alisema ngazi za kule kwake zimemchosha magoti.

Mlango ulipofungwa, wanaume wawili wakabaki wakitazamana.

"Haya, mkwe," alisema mzee.

"Haya, baba."

Walikuwa wakiheshimiana kiasi cha kuchoshana. Mkwe hakai kitako mbele ya baba mkwe akanyoosha miguu, wala baba mkwe haulizi chumvi iko wapi hata kama mchuzi umepooza. Miezi minne yote mwanamke yule alikuwa daraja lao. Sasa daraja lilikuwa limepanda basi likaenda zake.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Fundi aliamka saa kumi na moja na nusu, akasoma joto la maji, akapima chumvi, akaongeza maji yasiyo na chumvi kidogo kufidia yaliyokuwa yamekauka. Taa ilijiwasha yenyewe saa nne asubuhi na kujizima saa mbili usiku. Siku ya tatu, kabla hajaenda kulala, aliona kipande cha kijani kimechanua mikono midogo kama manyoya, ikicheza kwenye mkondo wa pampu. Kesho yake vikachanua viwili vingine, na kimoja cha rangi nyekundu, nyekundu ya kaa la moto, kikavimba kama mdomo unaotaka kusema. Fundi alijikuta anakitazama mpaka chai ikapoa. Alimpigia mkewe.

"Kumbe wanakula mwanga?" aliuliza.

"Ndani ya ngozi yao kuna vijani vidogo mno, huvioni. Hivyo ndivyo vinavyopika. Mwanga ni kuni. Moto ukizidi, tumbawe linawafukuza wapishi wake wote jikoni, na hapo ndipo linapobaki jeupe."

"Halafu?"

"Halafu linakaa na njaa linangoja. Wapishi wakirudi mapema, linapona."

Siku ya tisa kipande cha zambarau kilikuwa kimefifia. Fundi alidhani ni macho yake. Siku ya kumi vilikuwa vitatu, na kile chekundu kilikuwa kimegeuka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Akapima chumvi mara mbili. Joto lilikuwa sawa. Akasoma karatasi ya mkewe neno kwa neno, akakagua taa: asilimia arobaini, kama ilivyoandikwa. Alitoa maji ndoo mbili na kuweka mapya. Mkewe alipopiga jioni ile, Fundi alimwonyesha samaki, akamwonyesha pampu, akamwonyesha hata uso wake mwenyewe kwa karibu.

"Na watoto wangu wapya?"

"Wazima. Ila mtandao leo ni mbovu, utawaona kesho."

Alipokata simu alijisikia mdogo. Mzee Flashi alikuwa kwenye kochi lake, redio imefunguliwa kwa sauti ya chini.

Siku iliyofuata umeme ulikatika katika jengo walilokuwa wakitengeneza. Lifti bila umeme ni kabati. Msimamizi akawaambia waende nyumbani, na Fundi akafika kwake saa nane mchana, saa ambayo tangu aoe hakuwahi kufika siku ya kazi.

Aliuona mwanga kabla hajafungua mlango. Ulikuwa ukitoka chini ya mlango kama maji. Alipoingia, sebule nzima ilikuwa nyeupe. Vivuli vya viti vilikuwa vimekatwa ukutani kwa wembe. Taa ya tangi ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Chini yake mzee alikuwa amepiga magoti juu ya mto wa kochi, paji la uso limegusa kioo, mkono mmoja bado uko kwenye kitufe cha kuzungusha.

"Baba."

Mzee alishtuka, mkono ukakosa ukingo wa meza. Akakizungusha kitufe haraka kurudi nyuma, na Fundi akasikia kikilia tik, tik, tik, kwa hesabu. Mkono ule ulijua mahali pa kusimama. Ulikuwa umezoea.

"Nilikuwa napangusa kioo," alisema mzee.

Hakukuwa na kitambaa.

Fundi aliweka mkoba wa vifaa chini. Maneno yalimjaa kinywani, makali, lakini ni maneno gani hayo ambayo mtu anaweza kumwambia baba wa mke wake akiwa amepiga magoti? Alimpa mkono, akamwinua, akamkalisha. "Umekula, baba?" aliuliza. Akaenda jikoni, akasimama mbele ya sinki bila kufungua maji.

Jioni mkewe alipiga simu ya video, na safari hii mtandao ulikuwa mzuri kupita kiasi.

"Geuza simu. Chini. Chini zaidi." Akausogeza uso kwenye skrini. "Nani ameongeza taa?"

Fundi alitazama kochi. Mzee alikuwa amekaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mimi," Fundi alisema. "Nilisoma vibaya karatasi. Nilidhani sitini."

"Sitini? Na jana ukaniambia wazima?"

"Niliogopa."

"Wewe unatengeneza lifti! Watu wanapanda humo!" Akashusha sauti. "Sikasiriki kwa sababu ya matumbawe. Nakasirika kwa sababu ya jana." Na akakata.

Usiku ule hawakusema zaidi ya "lala salama". Asubuhi, Fundi akiwa anafunga kamba za viatu, mzee alitokea mlangoni mwa chumba chake akiwa amevaa shati la kutokea.

"Mkwe, nani alikutuma unibebee mzigo?"

"Baba, ni jambo dogo."

"Si dogo. Umenifanya mtoto. Mtoto akivunja sahani, mkubwa anasema ni paka." Sauti yake haikupanda. "Mimi si mtoto, na wewe si paka."

Fundi hakujizuia kucheka, cheko dogo la puani, na ajabu ni kwamba mzee naye akacheka. Cheko lile liliwatoa wote wawili mahali walipokuwa wamekwama. Fundi akavua kiatu kimoja alichokuwa amekwisha kukifunga, akakaa.

"Kwa nini uliiongeza, baba?"

"Binti yangu alinisifia kile chekundu. Nilitaka kukiona. Kule chini kulikuwa na giza."

"Asilimia arobaini si giza. Ukikaa pale kwenye kochi unaona kila kitu."

"Wewe," alisema mzee.

Fundi akaanza kukumbuka mambo ambayo alikuwa ameyaona bila kuyatazama: chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe, bega la mzee likigonga fremu ya mlango, upande uleule kila mara, jinsi alivyokuwa akiacha taa ya korido ikiwaka hata mchana. Na zile ngazi za kule kwake: tatizo halikuwa magoti.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

Mzee alikaa. Alisema watu walidhani studio imeuawa na simu za mkononi, naye akawaacha wadhani hivyo, kwa sababu ni sababu ya heshima. Mwaka wa mwisho ilikuja familia ya watu tisa. Aliwapanga, akapiga, akasafisha picha, akawapa. Walirudi baada ya miezi miwili. Bibi yao alikuwa amefariki, na walitaka ile picha ikuzwe, lakini bibi hakuwemo. Alikuwa amesimama mwisho, upande wa kulia, na mpiga picha hakumwona. Alikuwa amepanga watu wanane, akahesabu wanane, akaridhika.

"Nikawaambia kamera ilikuwa na hitilafu," alisema. "Wakaniamini. Wakanishukuru hata. Niliona bora nifunge kuliko kumkata mwingine."

"Na hukwenda hospitali?"

"Nilijua watakachoniambia."

"Mficha maradhi, baba..."

"Usinimalizie. Huo msemo nimeufundisha mimi watu kabla hujazaliwa."

Fundi alimpigia msimamizi wake akasema leo hafiki. Saa tatu walikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Mzee aliingizwa chumba cha giza, akaweka kidevu kwenye mashine, akapewa kitufe cha kubonyeza kila akiona nukta ya mwanga. Fundi alisimama nyuma. Yeye aliziona nukta kwenye skrini ya muuguzi: juu, chini, kushoto, kulia. Kwa zile za kulia, kitufe kilikaa kimya. Nukta ziliwaka na kuzimika, zikawaka na kuzimika, na mzee akaendelea kungoja kwa uvumilivu, kama mtu ambaye hajaulizwa kitu. Hapo ndipo machozi yalipomlenga Fundi, nyuma ya muuguzi, ambapo hakuna aliyemtazama.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, hakuzungusha maneno. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limeharibika sana, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. La kushoto bado lina mengi. "Matone haya kila siku saa mbili usiku, mpaka mwisho wa maisha. Ukiyaacha wiki, jicho halitakwambia. Litapungua tu."

"Kwa hiyo sitapona," alisema mzee.

"Hutapona. Lakini unaweza kubaki hapa ulipo, mzee wangu. Ungekuja mwaka ule ulipofunga studio, ungebaki na mengi zaidi."

Alishukuru, akaomba kalamu aandike mwenyewe jina la dawa.

Walipofika nyumbani alitaka simu. Fundi akataka kuondoka, mzee akamwonyesha kiti. Alimpigia binti yake, akamwambia yote mfululizo: taa, magoti ya uongo, bibi aliyekatwa kwenye picha, nukta. "Mumeo hana kosa," alimalizia. "Kosa lake ni kuwa na adabu nyingi."

Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nilikuuliza mwezi wa kwanza ulipohamia. Nilikuuliza macho yako vipi."

"Uliniuliza."

"Ukasema unaona mpaka usichotakiwa kuona."

"Nilisema hivyo."

Alilia kidogo, akajipenga, kisha sauti yake ya maabara ikarudi. Akaomba apewe mumewe. Akaeleza: washushe taa mpaka ishirini, na juu ya tangi waweke wavu wa dirishani, tabaka nne. Kila siku tano waondoe moja. Jioni wadondoshee chakula cha unga karibu na vipande, kidogo sana. "Na msivisogeze sogeze kwa huruma. Huruma ya mikono huua."

Kazi ya wavu aliichukua mzee. Fundi alileta roli kutoka duka la vifaa, na mzee akaupima kwa viganja, akaukata kwa mkasi akitazama dirishani, si mikononi. Alisema studioni alikuwa na pazia jepesi kwa ajili ya mabibi harusi. "Mwanga mkali hauna adabu, mkwe. Unamwambia mtu kila kasoro kwa wakati mmoja. Ukiupitisha kwenye kitambaa unajifunza kusema taratibu." Kisha akaingia chumbani, akarudi na kipima mwanga chake cha zamani, kidude cheusi cha mkononi chenye mshale. Mshale wenyewe hakuuona. Fundi alikishika mbele ya kioo, akasoma namba kwa sauti.

"Saba na nusu."

"Sogeza kule kwenye pampu."

"Sita."

"Basi upande huu unawaka zaidi. Ongeza kipande cha wavu kwenye kona."

"Daktari wa Maji hakusema kona."

"Daktari wa Maji hakuwahi kumpiga picha bibi harusi mwenye shavu moja limevimba jino. Weka."

Wakaweka. Ikawa ndiyo desturi yao: Fundi akitoka kazini anasoma namba, mzee anatoa hukumu, wanagombana, wanakula. Ilipofika wiki ya pili Fundi alikuwa ananyoosha miguu. Siku moja mzee alisema mchuzi hauna chumvi, wazi kabisa, na Fundi akamjibu aende kuitafuta mwenyewe, ipo rafu ya kushoto.

Kipande cha zambarau kilikufa. Kilianza kumeguka ncha, halafu mwani mchafu ukakishika, wakakitoa. Kingine cha waridi kilifuata. Mzee aliomba kukishika kabla hakijatupwa, akapitisha kidole kwenye vitundu vyake vidogo, akakirudisha. Hakuna aliyemwambia si kosa lake. Lilikuwa lake, naye alilijua, na Fundi aliona kwamba kumwambia vinginevyo ni kumbeba tena.

Vilivyobaki vitano vilikaa vyeupe siku nyingi, mpaka Fundi akaanza kukata tamaa kimoyomoyo. Kisha jioni moja, tabaka la tatu la wavu likiwa limeshaondolewa, kile cha kijani kilionyesha ukungu wa rangi kwenye kitako chake. Alidhani ni uchafu. Kesho yake ukungu ulikuwa umepanda. Baada ya siku nne vitatu vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Chekundu je?" mzee aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso karibu na kioo, taa ikiwa chini.

Fundi angeweza kusema kinarudi. Hakuna ambaye angejua.

"Kimekuwa kahawia, baba. Kahawia ya udongo. Sijui kama wekundu utarudi."

"Lakini kipo hai?"

"Kipo hai. Kimetoa mikono."

"Basi kahawia," alisema mzee. "Ni rangi ya watu wengi tu."

Mkewe alirudi Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya ilivyopangwa. Fundi alimfungulia mlango akiwa na glavu za mpira, amelowa mpaka viwiko. Mwanamke alimpita, akalipita tangi bila kuligeukia, akaenda moja kwa moja kwenye kochi. Alikaa kulia kwa baba yake, akamshika mkono. Mzee ikambidi azungushe shingo yote ili amwone. Mwanamke aliona jinsi shingo ile ilivyozunguka. Akasimama, akazunguka kochi, akakaa kushoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda. Nimenenepa kilo tatu, chakula cha kule ni bure."

"Basi niongezewe matone."

Akacheka, akaegemeza kichwa begani mwa baba yake, wakakaa hivyo muda. Fundi alivua glavu zake jikoni, akachukua begi lililokuwa limesahauliwa kizingitini, akaliingiza ndani. Lilikuwa zito, na gurudumu moja lilikuwa limevunjika njiani. Akalilaza sakafuni, akatoa bisibisi kwenye mkoba wake, akaanza kulitengeneza.